Dondoo muhimu: Kuusoma mwanga wa Kilimanjaro

• Wahi alfajiri. Ukiwa Moshi mjini, kilele cha Kibo (mita 5,895) mara nyingi huwa wazi jua linapochomoza. Baadaye mawingu hukifunika, na huenda kikafunguka tena jioni.

• Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, majani ya migomba huupaka uso rangi ya kijani. Msogeze unayempiga picha hadi ukingo wa kivuli, atazame palipo wazi.

• Huna kiakisi? Shuka jeupe likishikwa chini ya kidevu hulainisha vivuli na kuyapa macho uhai.

• Pima mwanga kwenye ngozi, si kwenye theluji wala anga, uso usije ukawa giza.

• Ukirekodi video ndani, zima balbu ya njano, mketishe mhusika ubavu kwa dirisha.