Karoli, Kaloli, Charles

Katika shule hii mimi ni mtu mmoja mwenye majina matatu. Mwalimu wa Kiingereza aniita Charles. Rafiki yangu wa bwenini, Mganda, aniita Kaloli. Mama yangu aniita Karoli, nalo ndilo jina nililobatizwa.

Ninyi mliokwisha kumaliza hapa mtakumbuka jinsi tunavyochekana kwa mambo haya, nami nilikuwa mchekaji mkubwa. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mvulana kutoka Acholi. Kila alipotaka kusema Yosefu alisema "Yuchepu", nasi tukalifanya neno hilo kuwa jina lake la utani. Hakukasirika. Siku moja baada ya chakula alinitamkia maneno mawili ya kwao, akaniambia niyarudie. Masikioni mwangu yalikuwa neno moja tu. Niliporudia, alicheka hata akakaa chini. Kumbe Kiacholi kina irabu zaidi ya tano hizi zetu, nami sikuweza kuzitenga. Tangu siku ile nikaanza kuuliza sababu.

Kwanza, kinywa hufuata lugha kilicholelewa nayo. Kiacholi cha asili hakina s, wala z, wala f. Penye s huja ch, na penye f huja p. Hata shule huiita "chukul". Kiganda nacho kina sheria yake: r huandikwa baada ya e au i, na mahali pengine huwa l. Ndiyo sababu Petero hubaki na r yake, lakini Karoli huwa Kaloli, na Maria huwa Maliya. Basi Mganda hakosei hata kidogo, yuafuata sarufi. Sisi tunapenda r. Nchi yetu twaiita Nkore, lakini ramani nyingi zaandika Ankole, maana jina lake lilipita katika vinywa vya watu wengine kabla ya kufika kwenye karatasi.

Pili, yategemea nani aliyekufundisha dini. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe wakafika 1879. Kiganda cha asili hakina h, kwa hiyo Yohana hakuweza kuingia mzima. Waprotestanti wakamfanya Yokana, Wakatoliki wakamfanya Yowana. Vivyo hivyo Yusufu na Yozefu. Ukisikia mzee wa Buganda akiitwa Yokana, wajua alikobatizwa bila kumwuliza. Katika Kiswahili pia, Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 yaandika Yusufu na Mariamu, lakini Mkatoliki husali kwa Yosefu na Maria. Wageni wenyewe hawakuponyoka: watu walisikia Padre Lourdel akiitwa kwa Kifaransa "mon père", wakamwita Mapeera, na mpaka leo anajulikana hivyo.

Jina langu latoka katika Kilatini, Carolus. Karoli limekaa karibu nalo. Charles ni ndugu yake aliyepitia Ulaya.

Haya yote yangekuwa mchezo tu kama si karatasi. Cheti changu cha ubatizo chasema Karoli. Karani wa shule yangu ya zamani aliandika alivyosikia: Kaloli. Katika orodha ya mtihani mimi ni Charles. Mwaka huu niliambiwa kwamba vyeti hivi ni vya watu watatu, na kwamba nisiposahihisha sitaandikishwa. Baba aliuza mbuzi wawili ili nikale kiapo mbele ya wakili. Enyi wadogo wa kidato cha kwanza, tazameni vyeti vyenu leo, msingoje kama mimi.

Wakili alikuwa Mganda, mzee mpole. Aliandika vizuri majina yote matatu, kisha, kama ilivyo desturi, akanisomea hati kwa sauti kabla sijatia sahihi: "Mimi Kaloli, ambaye pia huitwa Kaloli, na tena huitwa Charles..."

Nikatia sahihi.