Mchochezi ni Nani?

Kijana mmoja wa Voi katuuliza maana ya neno hili, kwani ameitwa hivyo kwa kuulizia hati ya kiwanja cha wazee wake.

Asili yake ni jikoni. Kuchochea ni kusukuma kuni ndani ili moto uwake zaidi. Basi mchocheaji huukuta moto, hauwashi yeye. Hata "fitna", katika Kiarabu, asili yake ni kuitia dhahabu motoni ili ijulikane safi na chafu.

Mwezi wa Mei 1940 Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha Wataita, Taita Hills Association, pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba. Viongozi wakatiwa kizuizini, wakahesabiwa wachochezi. Nao walikuwa wakidai ardhi iliyotwaliwa na walowezi! Kuni zilikuwako kabla ya chama.

Hatukatai kuwa wachochezi wako. Apelekaye maneno ya huyu kwa yule ili wagombane, huyo ni nammamu, na dhambi yake yajulikana. Ama wewe, kijana wetu, uliyeuliza hati, twakuita mdai. Kaulize tena, kwa adabu, na mashahidi wawili.