Dakika za Uwanjani Ndizo Darasa

Katika makala haya nataka tujifunze jambo moja la mpira wa kikapu: mchezaji kijana hukuzwa na nini? Wengi watasema urefu. Mimi nasema ni dakika anazochezeshwa, na mfano wangu si wa mbali, ni wa jirani zetu wa Dar es Salaam.

Hasheem Thabeet alizaliwa huko mwaka 1987. Kikapu alikianza akiwa na miaka kama 15, amechelewa ukimlinganisha na vijana wa Marekani. Urefu wake ni futi 7 na inchi 3 (milango yetu ya Mji wa Kale ingemtoa nundu!). Chuo Kikuu cha Connecticut, msimu wa 2008/09, alichezeshwa zaidi ya dakika 30 kati ya 40. Akafunga wastani wa pointi 13 na kuzuia mitupo 4 kila mchezo. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua, wa pili katika vijana wote walioingia NBA mwaka ule. Stephen Curry alikuwa wa saba.

Huko Memphis mambo yakageuka. Mchezo ni dakika 48, yeye akipata kama 13. Nafasi ya katikati ilikuwa ya Marc Gasol, aliyekuwa stadi zaidi, na kocha naye ataka kushinda. Februari 2010 akapelekwa ligi ndogo, timu ya Dakota Wizards. Msimu wa pili dakika zikashuka hadi 8 hivi, kisha akahamishiwa Houston. Kufikia 2014 NBA ikawa imemwishia.

Rafiki yangu wa darasani hakubali. Ati, "Angekuwa mzuri angechezeshwa." Hapo ana haki kidogo, dakika hupewa anayeziweza. Lakini hebu fikiri. Kuzuia mtupo kwataka ujue lini uruke na lini utulie. Ukikosea ni faulo, na ya sita inakutoa. Mazoezini wenzako umeshawazoea. Mpinzani humjui mpaka akuvamie. Na kijana anayeingizwa kwa dakika tatu hucheza jicho moja liko kwa kocha. Ni kama fundi wa milango ampe mwanafunzi wake msasa kila siku, patasi asiiguse, kisha alalamike kwamba hajui kuchonga nakshi.

Mtazame Giannis Antetokounmpo, aliyechaguliwa wa 15 mwaka 2013. Milwaukee Bucks walimchezesha kama dakika 24. Hakufikisha wastani wa pointi 7, na timu ilifungwa michezo 67 kati ya 82. Gharama kubwa hiyo! Mwaka 2019 na 2020 akawa mchezaji bora wa ligi. Sisemi Thabeet angefika hapo, vipaji havilingani. Nasema mmoja alipewa nafasi ya kukosea.

Katika timu yetu, wa kidato cha pili huingizwa tukishaongoza kwa pointi 20 na zimebaki dakika mbili. Wa kidato cha nne wanatuaga Novemba. Mwalimu wa michezo, zile mechi za kirafiki tafadhali wape hao wadogo robo nzima, hata tukifungwa.