Magoti Yaliyovimba kwa Baridi Yabisi

SWALI: Bwana Tabibu, magoti yangu yamevimba, na kila alfajiri hukakamaa hata nashindwa kusujudu. Nimepewa methotreksati. Je, nilale tu?

JIBU: Bibi mpendwa, maradhi haya hayaletwi na umande, kama wengi wanavyodhani, bali kinga ya mwili, ambayo wajibu wake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikaushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo, nao ukavimba na kutoa maji kupita kiasi, hata gegedu na mfupa vikaanza kuliwa. Dawa uliyopewa ndiyo ya kuzuia uharibifu huo. Lakini humezwa mara moja tu kwa juma, wala si kila siku (waliokosea hapa wamedhurika vibaya, wengine hata kufa), na nafuu yake huchukua majuma 6 hadi 12, basi usiiache kwa kukata tamaa.

Kulala tu hakufai, kwani misuli ya paja hunyong'onyea. Goti likiwaka, lipumzishe. Likitulia, tembea, na bakora uishike kwa mkono ulio kinyume cha goti linalouma zaidi. Mto chini ya magoti usiku, ijapokuwa una raha, uepuke, maana goti huzoea kujikunja likashindwa kunyooka. Sala uiswali juu ya kiti, sheria imekuruhusu.

Goti moja likivimba ghafula kuliko ada, likawa moto, nawe ukashikwa na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maji yake yavutwe kwa sindano na kupimwa, yasije yakawa na usaha.