Mwalikwa, mwanachama, mshirika: somo juu ya kupanuka kwa BRICS

Mwanafunzi wa lugha anapotafsiri habari za siasa ya dunia, kosa dogo la neno linaweza kuingiza nchi nzima mahali isipokuwamo. Tuchukue mfano wa karibu. Mwanzoni mwa 2025 Uganda, jirani yetu wa mashariki, iliandikwa katika orodha ya BRICS. Ukisema «Uganda imekuwa mwanachama wa BRICS», umekosea, na msikilizaji wako wa Beni au Bunia atahesabu nguvu ambazo jirani yake hana. Lengo la somo hili ni kutenganisha maneno hayo.

1. Jina na mwanzo

Jina lilitangulia kundi. Mwaka 2001 mchumi Jim O'Neill wa benki ya Goldman Sachs aliunganisha herufi za kwanza za Brazili, Urusi, India na China, akapata BRIC, kuonyesha nchi kubwa ambazo uchumi wake unainuka. Wakuu wa nchi hizo walifanya mkutano wao wa kwanza Juni 2009, huko Yekaterinburg, Urusi. Afrika Kusini ilialikwa mwishoni mwa 2010, ikahudhuria mkutano wa Sanya, China, Aprili 2011. Ndiyo iliyoleta herufi S.

2. Mwalikwa

Agosti 2023, mjini Johannesburg, nchi sita zilialikwa kuingia tarehe 1 Januari 2024: Argentina, Ethiopia, Iran, Misri, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Kualikwa si kuingia. Kabla ya tarehe hiyo kufika, serikali mpya ya Javier Milei iliandika barua kwamba Argentina haitaingia. Saudi Arabia nayo ilihudhuria mikutano bila kutamka wazi kwamba imekubali mwaliko. Indonesia iliingia Januari 2025. Ndiyo maana orodha hazilingani: nyingine zinahesabu wanachama 11, nyingine 10.

3. Mwanachama

Neno letu ni mwana na chama, nalo linatufanya tufikirie katiba, kadi na ofisi. BRICS haina mkataba wa kuianzisha wala sekretarieti ya kudumu. Uenyekiti unazunguka kila mwaka, na maamuzi yanapatikana kwa makubaliano ya wote. Kwa hiyo uzito wa mwanachama ni huu: asipokubali, jambo halipiti.

Hapo tunaona bei ya kupanuka. Aprili 2025 mawaziri wa mambo ya nje walikutana Rio de Janeiro, wakaachana bila tamko la pamoja. Lilitoka tamko la mwenyekiti tu. Misri na Ethiopia, wanachama wapya, hazikuridhika na maneno juu ya mageuzi ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, jambo linalogusa swali la nani aketi humo kwa ajili ya Afrika. Kila kiti kinachoongezwa kinaongeza mdomo unaoweza kusema «hapana». Mtafsiri anayeandika «tamko la pamoja» kwa «tamko la mwenyekiti» anaficha ugomvi wenyewe.

4. Mshirika

Oktoba 2024, mjini Kazan, Urusi, lilikubaliwa daraja jipya: nchi mshirika. Tangu Januari 2025 waliingia humo Belarus, Bolivia, Kazakhstan, Kuba, Malaysia, Thailand, Uganda na Uzbekistan. Nigeria ilifuata mwezi huohuo, na Vietnam ikaja Juni. Mshirika anaweza kukaribishwa mikutanoni na kuunga mkono matamko, lakini hana uwezo wa kuzuia uamuzi. Yumo sebuleni, bado hajaketi kwenye baraza la wazee.

Tuangalie irabu ya mwisho. Aliyehudhuria mkutano mmoja ni mshiriki wa mkutano huo, na mkutano ukiisha, naye amemaliza. Mshirika ana cheo kinachoendelea. Irabu moja tu, lakini ina maana kubwa.

5. Benki ni mlango mwingine

Benki Mpya ya Maendeleo ilikubaliwa Fortaleza, Brazili, mwaka 2014, na makao yake ni Shanghai. Waanzilishi ni wale watano, wenye hisa sawa. Lakini Bangladesh iliingia katika benki hiyo mwaka 2021 bila kuwa mwanachama wa BRICS. Mwanachama wa benki na mwanachama wa kundi ni mambo mawili.

Na Kongo yetu? Katika orodha hizo za 2025 haimo, si kama mwanachama, si kama mshirika. Makampuni ya China yanachimba kobalti Lualaba, na watu husema «tuko pamoja na BRICS». Kuuziana mali na nchi mwanachama hakukupi sauti katika kundi lake. Anayetaka kujadili kama tuombe kuingia, au tusiombe, aanze kwa kuuliza: kuingia kwa mlango upi, na kwa cheo gani?

Zoezi

Sahihisha sentensi hizi, ukieleza sababu:
a) Argentina ilijitoa BRICS mwaka 2023.
b) Uganda inaweza kuzuia tamko la BRICS.
c) Bangladesh ni nchi ya BRICS kwa kuwa imo katika benki.
d) Wote waliokuwa Kazan ni washirika wa BRICS.