Somo la Kiingereza: Maana ya "out of step"

Katika mikutano na wageni wa mashirika hutumika maneno haya ya Kiingereza: "out of step". Mkalimani akiyageuza neno kwa neno, hupata "nje ya hatua", na hapo hakuna aliyeelewa kitu.

Msemo huu umetoka kwenye gwaride la askari. Wote wanakanyaga mguu wa kushoto kwa pamoja. Anayekanyaga wa kulia wakati huo, huyo ndiye "out of step". Sisi tungesema haendi sambamba na wenzake. Ndugu yake ni "out of sync", unaohusu zaidi wakati, kama filamu ambamo mdomo umekwisha kufungwa na sauti bado inasikika.

Tuchukue mfano. Tangazo la ugawaji wa chakula limeandikwa kwa Kifaransa, "8 heures". Jirani analisoma na kusema "saa nane". Mama anafika mchana na kukuta ugawaji umekwisha tangu asubuhi, kwa sababu saa ile ni saa mbili yetu. Mama si mvivu, wala aliyeandika hakudanganya. Saa zao ndizo "out of sync". (Na redio ikitaja saa ya Kinshasa, ongezeni saa moja, maana Goma na Bukavu ziko mbele.)

Sasa angalieni sana neno dogo "with". Linalofuata baada yake ndilo kipimo. Ripoti ikisema "the families are out of step with the plan", mpango wa kurudi vijijini umefanywa gwaride, na familia ndizo zimekosea mguu. Lakini labda njia ya kijijini bado ina watu wenye silaha! Kiongozi ana haki ya kuinua mkono na kuigeuza sentensi: "the plan is out of step with the families". Maneno ni yale yale, lawama imehama.

Tena, mwenye kuambiwa hivyo asione haya upesi. Tarehe 12 Aprili 1831, huko Uingereza, askari 74 walikuwa wakivuka daraja la Broughton, karibu na Manchester, wakikanyaga kwa hatua moja. Daraja likatikisika pamoja nao mpaka likaanguka. Watu kama 20 waliumia, ingawa hakuna aliyekufa. Baada ya hapo jeshi la Uingereza liliamuru askari waache hatua ya gwaride kila wanapovuka daraja, kila mtu atembee kivyake.

Zoezi: mbegu zimeletwa Novemba, na sisi tulihitaji kupanda mvua za Septemba zilipoanza. Mwambieni mgeni hayo kwa Kiingereza. Jibu letu: "The seeds are out of step with the rains."