Mchanje Punda Kabla Hajaumia

Maziwa hayajipeleki barabarani. Katika mashamba ya makao kama yale ya Kinangop na Ol Kalou, punda ndiye ayapelekaye, na akirudi huleta maji, na siku ya soko huvuta mkokoteni wa viazi na kabeji. Lakini mwulize mkulima ng'ombe wake walichanjwa lini, atakujibu mara moja; mwulize habari ya punda, atacheka. Wengi husema punda ni mnyama mgumu, haugui. Maneno hayo yamewapotezea watu punda wengi.

Tuanze na jina la ugonjwa wenyewe. Kiswahili chauita pepopunda, na punda yumo ndani ya jina. Hapo Kiswahili kimesema kweli, kwani katika wanyama wa nyumbani farasi, punda na nyumbu ndio washikwao upesi zaidi. Ng'ombe huwashinda kwa nguvu, na kuku hupata kwa nadra sana. Ila hakuna pepo yeyote. Kuna kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama. Kijidudu hiki hujifunika gamba gumu kama mbegu, na kwa hali hiyo chaweza kungoja ardhini miaka mingi. Jua halikiui upesi. Mashamba mengi tulimo yalikuwa na mazizi ya farasi na ng'ombe kabla ya kugawanywa katika miaka ya 1960, na udongo uliolaliwa na samadi miaka mingi ndio ukipendao.

Mbegu hiyo yataka mlango wa kuingilia, na mahali pasipo hewa. Kwa hiyo jeraha la kuogopwa si lile pana litokalo damu nyingi. Ni tundu dogo: msumari uliochoma kwato, mwiba, kidonda cha mikanda ya mkokoteni kilichofunga juu na kuoza chini, kitovu cha mtoto aliyezaliwa leo, au jeraha la kuhasiwa. Ndani ya tundu hilo kijidudu huamka na kutengeneza sumu, na sumu hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu. Kwa kawaida dalili huonekana baada ya juma moja mpaka matatu, na pengine jeraha limekwisha kupona na kusahauliwa.

Dalili zenyewe ni hizi. Punda hutembea kama mwenye miguu ya mbao. Masikio husimama, mkia huinuka, pua hupanuka. Ukipiga makofi karibu naye hushtuka mwili mzima, na kigozi cheupe huruka kutoka pembe ya jicho na kulifunika. Mwishoni taya hukazana, asiweze kula wala kunywa. Daktari wa mifugo humtia mahali penye giza na kimya, akampa penisilini na dawa ya kuzima sumu, lakini hata kwa uangalizi mwema wengi hufa, tena kwa mateso.

Sasa twafika kwenye jambo linalowachanganya wakulima. Kuna sindano mbili za pepopunda, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni dawa ya kuzima sumu. Mwaka 1890, Behring na Kitasato walionyesha huko Berlin kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu hiyo yaweza kumlinda mnyama mwingine. Baadaye farasi ndio waliotumika kutoa dawa hiyo. Mnyama adungwaye hupewa kinga iliyokwisha kutengenezwa na mwingine. Hufanya kazi mara moja, lakini baada ya majuma mawili au matatu imekwisha. Ni kama chakula cha kuazima.

Ya pili ndiyo chanjo. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon, Mfaransa aliyekuwa daktari wa mifugo, alichukua sumu yenyewe, akaitia formalini na kuiweka mahali pa joto mpaka makali yakaisha. Sumu iliyokwisha makali haiwezi kumdhuru mnyama, lakini mwili wake huitambua na kujifunza kutengeneza kinga yake mwenyewe. Hili ni shamba la kujilimia, na shamba halivunwi siku ya kupanda. Ndiyo maana chanjo ya kwanza peke yake haitoshi. Ya pili hufuata baada ya majuma manne mpaka sita, na nyingine baada ya mwaka. Kisha daktari atasema irudiwe lini.

Basi mtu ajapo ofisini kwetu na kusema, "Punda wangu amechomwa msumari jana, nataka achanjwe," jibu lategemea historia ya mnyama. Kama hakuchanjwa kamwe, chanjo ya leo itachelewa. Ahitaji dawa ya kuzima sumu sasa, na daktari aweza kuanza chanjo siku hiyo hiyo mahali pengine mwilini. Kama alichanjwa sawasawa, huenda sindano moja ya kumkumbusha ikatosha. Kwa vyovyote jeraha lioshwe vizuri kwa maji safi na sabuni. Usilipake mavi wala oili chafu ya gari. Huko ni kulifungia adui mlango akiwa ndani.

Punda mwenye mimba achanjwe tena majuma manne mpaka sita kabla ya kuzaa, ili maziwa ya kwanza yampe mtoto kinga. Na anayetaka kuhasi, achanje kwanza, sindano zote mbili.

Kuna hatari nyingine ambayo yamhusu mkulima mwenyewe. Punda asiyeweza kumeza si lazima awe na pepopunda. Aweza kuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Usitie mkono kinywani mwake kutafuta mfupa. Ukiumwa au ukipakwa mate yake kwenye kidonda, osha kwa maji na sabuni dakika 15, uende hospitali siku hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ipo kwa punda pia, nayo hurudiwa kila mwaka kama ya mbwa.

Wachache wenye farasi wakumbuke pia ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi. Punda na punda milia kwa kawaida hawaonyeshi ugonjwa, lakini farasi hufa wengi. Nao una chanjo yake.

Kupata punda mwingine si rahisi kama zamani. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda karibu milioni 1.8 katika Kenya; ile ya 2019 ilionyesha karibu milioni 1.2 tu.

Daktari akiitwa kwa punda mmoja, mtu mmoja hulipa safari yote. Akija kwa punda ishirini, safari hugawanywa. Wekeni siku moja, mahali pa kupokelea maziwa. Chanjo ije katika sanduku lenye barafu, lakini chupa zisiguse barafu, maana chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana njema. Kila mwenye punda aje na daftari, aandike tarehe ya leo na ile ya sindano ya pili.